Watoto wafundishwe majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar shuleni?

Mwanamji: Tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ianguke mwaka 2019 wanangu wananiuliza ukuta mnene vile uliangukaje, na hakuna somo la shule linalowajibu. Naomba darasa la tano wafundishwe chokaa, boriti na baraza, wapelekwe Mji Mkongwe wakaone kwa macho. Huku mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, hakuna cha kuonesha, saruji na mabati tu.

Binti Ng'ambo: Hakuna cha kuonesha? Majumba ya Michenzani yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, enzi za Mzee Karume, na wazee wetu wakabeba zege. Nyumba ya bibi yangu ya udongo na makuti ilibomolewa kuyapisha. Nayo ilikuwa na baraza! Tuombe radhi kwanza.

Mwanamji: Dada, sijamtukana mtu. UNESCO mwaka 2000 waliorodhesha Mji Mkongwe kwenye urithi wa dunia, hawakuorodhesha Michenzani.

Binti Ng'ambo: Kwa hiyo mtoto wa Michenzani asubiri UNESCO ndipo aijue nyumba anayolala?

Pwani Moja: Beit al-Ajaib haikuanguka 2019. Ni tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walifariki. Tuwe na adabu na tarehe hiyo.

Fundi Chokaa: Mwanamji, wanao wajibiwe hivi. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unabaki ndani na chokaa inakuwa unga. Mpe mtoto kijiti achokoe kiungo kilichooza, kikimwagika kama mchanga hatasahau. Kisha apime upana wa chumba aulize kwa nini ni chembamba: boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua. Hiyo ni hesabu tosha.

Mpangaji: Fundi, watoto wa shule waje kuchokoa ukuta ninaolala chini yake? Hiyo saruji nimeipiga mimi, mvua ilikuwa inaingia kitandani. Hiyo chokaa yako nani aliniletea?

Fundi Chokaa: Sikulaumu, ndugu yangu. Lakini chokaa iliyolowekwa vizuri ipo, ni kuisubiri.

Mpangaji: Nisubiri na mvua ya masika iko juu ya wanangu?

Pwani Moja: Mwenye nyumba ndiye wa kuulizwa, si mpangaji.

Mpangaji: Mwenye nyumba anachukua kodi tu, darini hajawahi kupanda. Huyo ndiye wa kupelekwa darasa la tano.

Binti Ng'ambo: Mwanamji, bado nasubiri jibu langu.