Uongo hadharani, ukweli inboksi. Mpaka lini jamani?

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo wiki nzima, nikasema niliache lipite lakini halipiti, kila nikishika simu nalikuta, kwa hiyo leo nalitoa lote na atakayekwazika akwazike.

Kuna jamaa nafanya naye kazi, meza zetu zimepakana mwaka wa sita huu. Mtu mpole, hana makuu, hana deni na mtu. Ikatoka habari ya wizi wa pesa sehemu ambayo hata kukanyaga hajawahi, mtuhumiwa wamefanana majina yote mawili, la kwanza na la mwisho. Sasa chombo cha habari, tena sio hivi vya kuokoteza, chombo kikubwa chenye wahariri kabisa, wakaingia mtandaoni wakaandika lile jina, picha ya kwanza iliyotokea wakaichukua wakaibandika juu ya habari. Basi. Hawakupiga simu hata moja. Picha yenyewe naijua maana siku ile nilisimama pembeni yake, tulikuwa tunamuaga bosi wetu wa zamani, kavaa shati la bluu anacheka. Mimi wamenikata lakini vidole vyangu viwili bado vinaonekana kwenye bega lake. Ndo picha ya mwizi hiyo.

Ilitoka asubuhi, jioni wakaifuta. Kimya kimya. Hakuna samahani, hakuna tulikosea, ukibonyeza linki unaambiwa ukurasa haupatikani. Jamaa alipowapigia akajibiwa "mbona tumeshaifuta, unataka nini tena?" Hivi kweli mtu mzima na akili zako unamuuliza mwenzio anataka nini tena? Ukweni wamempigia mkewe usiku kumuuliza kama ni kweli! Skrinshoti zimeshasambaa, na skrinshoti haifutiki kwa sababu wewe umefuta kwako. Siku hizi akiingia mahali anaangalia kwanza nani anamwangalia.

Alafu sasa njooni kwenye familia, maana huku ndo nilipochomeka zaidi. Ile habari ikaingia kwenye grupu la ukoo, kaileta baba mkubwa mwenyewe, kaandika chini yake "vijana wa siku hizi hawana haya". Nikajibu kwa heshima zote, shikamoo baba mkubwa, samahani, huyu kwenye picha nafanya naye kazi, sio yeye, wamekosea picha. Grupu zima likanyamaza. Baada ya muda shangazi akaandika kwamba baba yako mkubwa hawezi kuleta kitu hapa bila kukihakiki. Usiku napigiwa simu naambiwa nimekosa adabu, mkubwa hakosolewi mbele ya watoto, ningemfuata inboksi.

Inboksi!! Yaani uongo umewekwa mbele ya watu themanini, ukweli ndo uende inboksi? Na mi baba mkubwa namheshimu, kanilea, ada zangu za shule kalipa yeye, sitamvunjia heshima hata siku moja. Lakini tangu lini heshima ikawa kumwacha mtu asiye na kosa aitwe mwizi ili mzee asionekane kakosea? Na sikusema amedanganya, nilisema WAMEKOSEA PICHA, nimempa mzee njia kabisa ya kutokea, bado nikaonekana mtovu wa adabu.

Nikalala nawaza nikaona kumbe ni ugonjwa mmoja huu, wa grupu la ukoo na wa vyumba vya habari. Uongo unapewa kipaza sauti, masahihisho yananong'onwa. Na halijaanza jana. Julai 1996 Atlanta, Marekani, wakati wa Olimpiki, mlinzi mmoja anaitwa Richard Jewell aliliona begi lenye bomu, akatoa taarifa, akasaidia kusogeza watu, watu wakaokolewa. Siku tatu baadaye gazeti la pale pale likaandika kwamba FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanamshuku yeye, dunia nzima ikadaka, kamera zikapiga kambi nje ya nyumba alikokuwa anaishi na mama yake. Siku 88 mpaka serikali ilipomwandikia barua kwamba hachunguzwi tena. Mlipuaji mwenyewe, Eric Rudolph, alikuja kukiri kosa 2005, na Jewell akafariki 2007 akiwa na miaka 44 tu. Muulize mtu leo, atakwambia "si yule wa bomu la Atlanta?" Hiyo ndo inayomsubiri rafiki yangu, "si yule aliyeiba zile hela?"

Au chukua ile kwamba Iraq ina silaha za maangamizi, ambazo baadaye hazikupatikana. Gazeti la Marekani la New York Times walizitoa zile habari kwa kishindo, nyingine ukurasa wa mbele kabisa, vita ikapiganwa. Walipokuja kukiri kwamba hawakuwa makini ilivyotakiwa, tarehe 26 Mei 2004, maelezo ya wahariri yakawekwa ukurasa wa 10, huko ndani. Angalau walikiri, wengi hata hicho hawafanyi, lakini niambieni, kama uongo ulistahili ukurasa wa mbele, kukiri kwake kunastahilije ukurasa wa kumi? Mtu aliyesoma kichwa cha habari akiwa anakimbilia kazini atafika ukurasa wa kumi saa ngapi?

Na mkiniambia aende mahakamani, mahakama ni za wenye pesa. Kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion iliishtaki televisheni ya Fox News kwa kutangaza kwamba mashine zake zilichakachua uchaguzi wa Marekani wa 2020, wakamalizana Aprili 2023 kwa dola milioni 787.5. Pesa yote hiyo, na bado Fox hawakulazimika kuomba radhi hewani kwa watazamaji wao wenyewe. Sasa kama kampuni yenye jeshi la mawakili imelipwa pesa ikakosa samahani ya hewani, huyu mwenzangu wa mshahara wa mwisho wa mwezi atapata nini?

Hapa najua wataingia wale wa siasa waseme "si tulisema, vyombo vyote vimenunuliwa". Nyie ndo mnanichosha kuliko wote. Mnasema vyombo vyote havifai, kesho kikitoa habari ya kumchafua mpinzani wenu mnakishea nyie wa kwanza na mishale myekundu juu yake. Hamjawahi kuuliza hii habari ni kweli, mnauliza inamuumiza nani. Ikimuumiza wa upande ule ni kweli tupu, ikimgusa wenu imepikwa. Na sio upande mmoja, nimewaona wa pande zote, wana-chama na wapinga-chama, komenti zao ukizichanganya huwezi kujua ipi ya nani.

Na tusijifiche nyuma ya roboti. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2018, walipitia habari kama 126,000 zilizozunguka Twitter toka 2006 mpaka 2017, wakakuta za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi ya kusambazwa tena kuliko za kweli. Na tofauti hiyo waliileta binadamu, sio roboti. Mimi na wewe na baba mkubwa.

Sisemi watu waache kusoma habari. Udukuzi wa simu za watu uliofanywa na gazeti la News of the World kule Uingereza, lile lililofungwa Julai 2011, uliibuliwa na waandishi wa gazeti jingine, The Guardian, walioishikilia ile habari miaka wakati wengine hawataki kuigusa. Kuna watu wanafanya hii kazi kwa jasho na wengine wanakufa wakiifanya, na kila mnapofuta kimya kimya mnawachafua na hao.

Ninachotaka mimi sio kikubwa. Ulikosea ukurasa wa mbele, sahihisha ukurasa wa mbele. Ulikosea taarifa ya saa mbili usiku, omba radhi saa mbili usiku, useme jina la uliyemkosea na useme ulikosea nini, sio "kuna taarifa iliyoleta mkanganyiko". Mkanganyiko gani, umemwita mtu mwizi! Posti ya uongo ilipata maelfu ya watu kwenye akaunti yako, basi na samahani ikae juu ya hiyo hiyo akaunti siku kadhaa, sio stori ya kupotea baada ya saa 24. Na wazee wetu, mkishea kitu kikaonekana sio, neno moja tu, "nimekosea wanangu", hamtapungua chochote machoni petu. Mi ningemheshimu baba mkubwa mara mbili.

Jana imeibuka tena, safari hii grupu la tuliosoma wote, mtu kaileta kama habari mpya kabisa. Shati la bluu, vidole vyangu viwili begani. Sikumfuata mtu inboksi. Nimeandika pale pale mbele ya wote, huyu sio mwizi, walikosea picha, na hivyo vidole ni vyangu.