Kiraka cha utando wa kondo kwenye retina: mama anaogopa, nishaurini

BintiArua
Habari zenu wakubwa. Mama yangu ni fundi cherehani hapa Arua, Uganda, miaka 61. Alipata tundu katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), jicho la kulia. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji Kampala, akalala kifudifudi siku saba, tundu halikuziba. Akitunga uzi anauona mkono wake, ila sindano yenyewe imemezwa na doa. Sasa daktari ametaja kiraka cha utando wa kondo la mzazi. Mama kashtuka: "Kondo la mtoto wa watu liingie jichoni mwangu?" Je, atatunga uzi tena?

NesiMacho
Pole sana, dada. Mwambie mama si lile nyama la kondo. Ni utando mwembamba uliotanda ndani ya mfuko wa mtoto, akina mama huutoa kwa hiari baada ya upasuaji wa uzazi, na hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende kwanza. Kwa kawaida tundu hufungwa kwa kubandua ngozi nyembamba iliyo juu ya retina, kisha kutia gesi ndani ya jicho ili ilibane tundu. Mama ngozi hiyo ilishabanduliwa, ndiyo maana wanatafuta kiraka kwingine. Hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu, kikachomekwa chini ya kingo zake. Stanislao Rizzo na wenzake wa Italia waliandika kuhusu njia hii mwaka 2019. Kiraka hakigeuki retina; kinazipa seli pa kutambalia hadi kingo zikutane. Kuziba ni jambo moja, kuona ni jingine: doa linaweza kupungua, lakini kutunga uzi mwembamba siwezi kuahidi.

WaKabale
Mimi nilitiwa gesi. Mwanzoni ni ukungu mtupu. Baadaye unaona mstari ukichezacheza kama maji ya pimamaji, kila siku unashuka, hadi kinabaki kijipovu kama punje ya kunde. Nilitaka kwenda nyumbani Kabale Krismasi, daktari akakataa katakata. Kampala ni kama mita 1,200, Kabale inakaribia 2,000; ukipanda, gesi hutanuka, presha ya jicho hupanda, jicho linaweza kufa. Nikabaki kwa shemeji Ntinda, hapo hapo Kampala. Kuna gesi ya wiki mbili tatu, nyingine hufika wiki nane. Ndege ndiyo usiguse kabisa.

BintiArua
Mungu awabariki. Tulishapanga arudi kwa ndege ndogo ya Entebbe hadi Arua, asichoshwe na basi. Nimeifuta leo hii. Nitamtafutia chumba karibu na kliniki mpaka povu liishe.