Tuliokua weusi na mashoga: uliacha lini kujichukia? Tupeane uzoefu

Njiwa254: Kila ikifika 24 Mei nakumbuka ile ya 2019. Tumejazana kortini Milimani, Nairobi, majaji watatu wanasoma hukumu utadhani haina mwisho, kisha kifungu cha 162, kile cha sheria ya Kenya kinachoharamisha ngono ya mashoga na tulichotaka kifutwe, kikabaki palepale na miaka yake 14 ya jela. Nililia kwenye matatu hadi kondakta akasahau kunidai nauli. Ajabu, usiku huohuo ndio nililala bila kujichukia. Nyie je?

Mlokole_Mstaafu: Umenikumbusha mbali. Tulihamia Columbus, Ohio nikiwa bado mdogo. Shuleni nilikuwa "yule Mwafrika", kwenye ibada yetu ya Kiswahili nilikuwa kijana wa kwaya, mpaka mama alipoona jumbe kwenye simu yangu. Jumapili nikaitwa ofisini kwa mchungaji. Wazee wakanizunguka, mikono kichwani, "Toka! Toka!" Mafuta ya upako yakaniingia masikioni, nikawa nasikia maombi kama niko chini ya maji. Nikafumbua jicho moja: mama kakaa kwenye kiti cha plastiki, kakumbatia viatu vyangu nisije nikakimbia. Nje theluji. Nikajiangusha makusudi, wakashangilia, nikasema amina tukaenda kula.

Nilipohama nyumbani nikadhani yameisha. Naenda baa ya mashoga, mlinzi ananidai vitambulisho viwili. Wazungu walionitangulia hata kimoja hawakuulizwa. Huku nina pepo, kule mweusi mno.

Aliyeniokoa ni Bayard Rustin. Yale maandamano ya Washington ya Agosti 1963, ya kudai haki za weusi Marekani, mratibu wake alikuwa yeye, mweusi na shoga, aliyewahi kufungwa California 1953 kwa ajili ya huo ushoga. Baadhi ya viongozi wenzake hawakutaka aonekane mbele. Kazi akaifanya hivyohivyo. Nikasema basi, na mimi sijifichi tena.

chapati_mbili: Viatu 😭 Wangu alificha paspoti.

Mwadilifu: Mambo haya mmeletewa na wazungu.

Njiwa254: Na kifungu cha 162 aliandika nani? Si mkoloni? Hiyo unaitetea.

Mwadilifu: Nimesema nilichosema.

BintiWaPwani: Gombaneni kwingine. Wadogo wanaosoma hapa: usimwambie mzazi mpaka uwe unalipa kodi ya nyumba yako mwenyewe.

Jakisumu: Hapana, mwambie mapema, akasirike akiwa bado na nguvu za kukasirika.

chapati_mbili: Mwambie akiwa na pilau mdomoni.

Kimya_Kingi: Mimi sikumwambia mtu, wakanitafutia mke. Tukapeleka posa kwao, kijiji cha ndani huko Kilifi. Dereva wa ile Noah tuliyokodi alikuwa mpenzi wangu. Alijitolea mwenyewe, ati atavumilia. Wazee wako kwenye mkeka wanasifu ukoo, msichana akaniita nyuma ya nyumba: "Kaka, dereva wenu analia tangu mfike. Ana nini?" Nikasema mafua. Akanitazama sana.

chapati_mbili: WEWE! Ikawaje??

BintiWaPwani: Usituache hapo bwana.

Mlokole_Mstaafu: Mimi nimemwaga moyo wote, sasa watu wanauliza dereva 😂 Endelea lakini.

Kimya_Kingi: Baada ya wiki yeye ndiye aliyevunja uchumba. Kwao alisema ana mpango wa kurudi shule. Hajamwambia mtu mpaka leo, na bado ananipigia kila Idi.

Jakisumu: Na dereva?

Kimya_Kingi: Yuko jikoni, anaunguza maharage.

Mwadilifu: Mahari mlirudishiwa?

Kimya_Kingi: Mbuzi walirudi. Mnazi ulikuwa ushanywewa.