Naomba ushauri: mwandishi wetu anataka jina lake litoke, sisi tunamhofia

Wakubwa shikamoo, wenzangu habari zenu.

Tuko watu 5 hapa Tanga, tunaendesha jarida dogo la hadithi na mashairi. Tunachapa nakala 200 kwa fedha za mifukoni mwetu. Tangu mwanzo tulikubaliana kwamba kila mwandishi atalipwa, hata kama ni shilingi 15,000 tu, na hakuna atakayekataliwa bila kuandikiwa barua ya kumweleza sababu. Barua hizo zinakula muda kuliko uhariri wenyewe, lakini sijutii.

Sasa binti wa miaka 22 ametuletea utenzi wa beti 42 kuhusu aliyotendewa utotoni na ndugu wa nyumbani. Mizani 8 kila mshororo, hakuyumba popote. Hakumtaja mtu, ila anataka jina lake kamili litoke, na mtaani kwao watu watajua mara moja nani anasemwa. Bado anaishi nyumba ileile.

Nilimpendekezea lakabu, yaani atumie jina la kubuni. Akalia, akaniuliza kama na sisi tunamwonea aibu. Swali hilo limeninyima usingizi.

Waliowahi kuhariri maandishi ya namna hii, mlikaaje na mwandishi kabla ya kuchapa? Tumshirikishe afisa ustawi wa jamii, au kufanya hivyo bila ridhaa yake ni kumsaliti? Na mama yake, ambaye hajui lolote?

Toleo linakwenda kwa mchapaji tarehe 28. Niko tayari kulisogeza mbele.