Naomba ushauri: nikifumba macho nitulie, wasiwasi ndiyo unazidi

Wakuu, habari zenu, na wakubwa shikamooni. Niko Dar, ila dada yangu ameolewa Goma, mashariki mwa Kongo (DRC). Tangu waasi wa M23 waingie mjini Januari 2025, benki zikafungwa na uwanja wa ndege nao ukafungwa, mimi na simu ni pete na kidole. Saa tisa usiku naamka kuangalia kama tiki za ujumbe wangu kwake zimekuwa mbili, yaani umemfikia. Ikibaki moja, basi, silali tena.

Nesi mmoja alinifundisha kufuata pumzi: navuta kwa hesabu ya nne, natoa kwa sita, mawazo yakihama nayarudisha bila kujigombeza. Mchana inasaidia, hasa nikiosha vyombo huku nasikiliza maji tu (sufuria zangu siku hizi zinang'aa!). Usiku ndiyo kasheshe. Nikifumba macho naona mlango wa dada, nasikia milio ambayo sijawahi kuisikia, moyo unakwenda mbio zaidi.

Je, nifanye macho yakiwa wazi? Nitembee? Mume wangu anasema nisali. Nasali, ila mwili haujasikia. Na simu niilaze sebuleni, au nitakuwa nimemtupa dada? Mliopitia haya, mlifanyaje?