Fundi wa miaka 14 kazini ninaona haya kuuliza darasani

Fundi Waya, Changamwe
Assalamu alaikum. Mimi ni fundi wa umeme wa magari kwa miaka 14, na mwaka huu nimeanza masomo ya jioni ili nifanye mtihani wa serikali wa ufundi, Gredi ya Tatu, kwa kuwa wenye magari mapya huuliza cheti kabla sijafungua boneti. Juzi mwalimu alituonya tusipime nyaya za kompyuta ya gari kwa taa ya kupimia, kwa sababu balbu yake huvuta umeme mwingi na inaweza kuziunguza saketi hizo, tutumie mita ya kupimia volti. Nilitaka kuuliza mita isomwe vipi, lakini nyuma yangu alikuwa ameketi kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe, nikanyamaza. Je, kuna mwingine ambaye jina lake la kazini limemziba mdomo?

Bi Sindano, Mji wa Kale
Wa alaikum salaam, kaka. Fundi na mwanafunzi ni maneno ya mzizi mmoja, ingawa mtaani tumeyatenga kana kwamba anayeitwa la kwanza hawezi kurudi kwa la pili. Jean Lave, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyewachunguza washonaji wa Liberia katika miaka ya 1970, aliona kwamba wanagenzi wao huanza na umaliziaji, kama vifungo na pindo, na kukata kitambaa, ambako kosa ni hasara, huja baadaye sana. Muda wote huo kijana hujifunza kushona na pia kuwa mshonaji. Wewe unabadilika kuwa fundi wa aina nyingine, na hakuna abadilikaye asionekane.

Mzee wa Winchi, Likoni
Maneno ya Bi Sindano ni mazuri, lakini yamesahau tumbo. Jina la fundi ndilo linalomletea huyu bwana wateja, kwa hiyo kuogopa lisichafuke si kiburi. Nilipokuwa bandarini, mitambo mipya ilipoletwa, wenzangu kadhaa walikataa kufundishwa na vijana, wakaishia kuhesabu makontena uwanjani. (Mmoja wao hadi leo hanisalimii, kwa vile mimi nilikubali.) Mimi sikuuliza darasani hata siku moja, niliuliza juu ya mtambo, mkono ukiwa kwenye usukani, kwa sababu hapo swali huonekana ni sehemu ya kazi. Peleka mita garini, mwanangu.

Fundi Waya, Changamwe
Shukran, mzee wangu, na dada pia. Jana nilimwomba yule kijana ashike ncha nyeusi ya mita kwenye bodi, nami nikagusa waya wa sensa (kihisi kinachoipasha habari kompyuta ya gari) kwa nyekundu. Nilitarajia volti 12, ikasoma 5, nikawa tayari kusema waya umeoza. Kijana ndiye aliyemwita mwalimu, naye akatueleza: sensa nyingi hulishwa volti 5 na kompyuta. Kumbe kijana naye alikuwa hajui, na alikuwa akingoja mimi niulize.