XAMPP, Laragon au Ubuntu: ipi yafaa kujaribia tovuti kabla ya kuipandisha?

Agrovet_Naks: Wadau, natengeneza tovuti ya agrovet kwa WordPress, nataka ikamilike kwenye kompyuta kwanza. Mashine ni Windows 10, RAM GB 4. Upau wa kando uwe na saa za kufungua, namba ya Till na makala mapya. Nichukue ipi: XAMPP au Laragon, programu zinazogeuza kompyuta kuwa seva ya majaribio, au Ubuntu, mfumo wa Linux?

Kondele_Kodi: XAMPP. Apache (seva inayotoa kurasa) ikikataa kuwaka, huenda poti 80, mlango wake wa mtandao, imeshikwa, mara nyingi na IIS, seva ya Windows yenyewe. Ndani ya faili yake ya mipangilio, httpd.conf, badilisha `Listen 80` iwe `Listen 8080`, na ServerName iwe `localhost:8080`. Faili ziweke C:\xampp\htdocs.
Shida yake ni MySQL, sehemu ya hifadhidata. Stima ikipotea ghafla, na Kisumu tunaijua hiyo, huenda isiwake tena. Usifute faili ya ibdata1 hata ukiambiwa! Bila hiyo, majedwali ya InnoDB (muundo wa kawaida wa MySQL) hayafunguki ijapokuwa faili za .ibd zipo. Nakili folda nzima ya mysql\data kwanza, ndipo uguse kitu. Kama huna UPS (betri ya akiba), toa nakala ya hifadhidata kila jioni kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kuisimamia.

Section58: Stima ikipotea haibagui programu, mkuu, hata Laragon itaumia. Lakini Laragon ina jambo moja: ukiweka folda C:\laragon\www\agrovet na kuwasha Apache upya, unapata anwani agrovet.test bila kuhariri mwenyewe faili ya hosts, inayoonyesha jina lipi liende anwani ipi. Kwenye anwani ya XAMPP, localhost/agrovet, kiungo kinachoanza na / kinakupeleka nje ya tovuti yako.

Kakamega_Linux: Seva nyingi za kukodi ni Linux. Windows haitofautishi Nembo.png na nembo.png, Linux inatofautisha, ndiyo maana picha "hupotea" siku ya kupandisha. Ila kwa GB 4 usiendeshe Ubuntu ndani ya Windows, itatambaa. Ukiiweka peke yake na kurasa za ndani zikaleta 404 (ukurasa haupatikani), andika `sudo a2enmod rewrite`, weka `AllowOverride All` kwa folda ya tovuti, kisha uwashe Apache upya.

Agrovet_Naks: Asanteni. Laragon basi. Na wijeti, vile vipande vya upau wa kando? Sioni menyu ya Widgets.

Kondele_Kodi: Mandhari (theme) yako ni ya bloku, yaani kurasa zote hujengwa kwa vipande. Twenty Twenty-Two na zilizofuata ziko hivyo, upau unaundwa ndani ya Site Editor. Ukitaka menyu ile, tumia mandhari ya kawaida: `register_sidebar()` kwenye functions.php kupitia `widgets_init`, halafu `dynamic_sidebar()` yenye id ileile kwenye sidebar.php. Fanya hivyo katika mandhari-mtoto (inayorithi ile kuu), la sivyo sasisho litafuta kazi yako. `before_widget` ikifungua div na `after_widget` isiifunge, upau utaporomoka chini ya makala. Tangu toleo 5.8 wijeti zenyewe ni bloku. Ukipenda za zamani, weka programu-jalizi ya Classic Widgets.

Kakamega_Linux: Siku ya kupandisha, usibadilishe anwani kwa kutafuta-na-kubadilisha ndani ya faili ya SQL (nakala ya hifadhidata). Mipangilio ya wijeti huhifadhiwa pamoja na urefu wa kila maandishi. `http://agrovet.test` ni herufi 19. Ukiweka anwani ndefu huku urefu ukibaki wa zamani, PHP inashindwa kuisoma na wijeti zinatoweka. Tumia WP-CLI (WordPress kwa amri za maandishi), inarekebisha hesabu yenyewe:

`wp search-replace 'http://agrovet.test' 'https://anwani-yako' --dry-run`

`--dry-run` inaonyesha tu kitakachobadilika. Ukiridhika na orodha, iondoe.

Section58: Na wijeti zikionekana chini ya Inactive Widgets, hazijafutika. Id ya upau imebadilika, zivute tu zirudi.